Mwaka wa Bustani Nyeupe

Ezra amekufa. Habari ilinifikia kwa simu, asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki nje ya jiko nikingoja magoti yakubali kuinuka. Aliyepiga alikuwa binti yake. Hakuwa binti yangu. Alinieleza polepole kwamba baba yake alijilaza baada ya chakula cha mchana, wakamwita kwa chai asiamke, na kwamba wameshamzika kule kule Mombasa. Nikamwambia pole. Naye akasema, "Pole na wewe, mama," kisha tukabaki, kila mmoja na simu yake sikioni, kama watu wawili waliokutana kwenye njia nyembamba na hakuna anayejua nani ampishe mwenzake. Mwishowe akasema angependa siku moja nimweleze mambo ya zamani, maana baba yake hakupenda kuyazungumza. Nikamwambia nitajaribu. Nilipokata simu nilitafuta uchungu moyoni sikuuona, nikatafuta hasira, nayo nikakuta imeondoka siku nyingi bila kuniaga. Nilichokikuta ni uchovu tu, uchovu wa mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali, akafika, akaambiwa hapa hakuna aliyeuagiza.

Basi najaribu. Sitaanza na kwetu wala kwao, watu wa kusimulia koo wapo na mimi si mmoja wao. Naanza na mwaka mmoja wa hamsini na kitu, miaka michache kabla ya Uhuru, mwaka ambao Mto Tana ulivunja kingo zake na sisi wa Garsen tukakaa miezi mingi tumezungukwa na maji huku tukitazama bustani ya Wazungu iliyofunikwa na barafu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeolewa na Ezra miaka miwili, na katika miaka hiyo tulikaa pamoja miezi saba. Iliyobaki alikuwa bandarini Mombasa akipakua mizigo, nami nilikuwa nyumbani kwake na mavyaa wangu, mama yake, ambaye watu wote walimwita Mama Dorika nami nilimwita Mama tu. Tulikuwa na hoteli karibu na kivuko. Naiita hoteli kwa sababu ndivyo ilivyoitwa, lakini ilikuwa nyumba ya udongo yenye vyumba vitatu mstari mmoja. Cha mbele kilikuwa na meza mbili na mabenchi, cha kati tulilala mimi na Mama, cha mwisho kilikuwa cha wasafiri. Kuta za ndani hazikufika juu, ziliishia kidogo kupita kichwa cha mtu aliyesimama, ili upepo upite. Upepo ulipita, na maneno yakapita nao. Aliyekohoa chumba cha mwisho alisikika mezani. Nimelala na kuamka katika nyumba ile nikijua siri za madereva, za makarani, za wachuuzi wa ng'ombe, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitasikia yangu.

Omari alikuja na lori la mwisho kutoka Malindi kabla barabara haijafungwa. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, amevaa kofia ya kiua iliyotariziwa na koti la kaki, vidole vyake vyeusi kwa dawa za picha. Alizaliwa Kipini lakini alikuwa ameishi Mombasa miaka mingi akipiga picha watu wa bandarini. Hao ndio waliomtuma kwetu, au tuseme ndio waliompa wazo. Vijana wa Tana, kila walipopigwa picha, walimwambia kwao hakuna mpiga picha hata mmoja kuanzia Garsen hadi Bangale, na yeye akaona heri aende mara moja, akae wiki mbili, arudi. Akashusha sanduku la kamera, miguu yake mitatu ya mbao, chupa zake, na kitu kirefu kilichoviringishwa kama mkeka. Kisha akauliza, "Mama Ezra ni nani hapa?" Mama akafuta mikono kwenye kanga, akasema ni yeye. Omari akamwita pembeni, akatoa bahasha ndani ya koti. Niliwaona kupitia moshi wa jiko. Nilingoja Mama aje na ile bahasha, kwa kuwa katika nyumba ile mimi ndiye niliyesoma, nimefika darasa la nne la misheni, na kila barua ya Ezra niliisoma mimi kwa sauti, hata salamu zangu mwenyewe. Hakuja nayo. Jioni, tukila, alisema bila kunitazama, "Ezra anakusalimu. Huyu mgeni amenisomea." Nikasema ahsante. Wali ulikuwa na mawe siku ile, nakumbuka, nami niliyatema moja moja kwenye kiganja kwa sababu nilihitaji jambo la kufanya.

Siku ya pili Omari alichimbia nguzo mbili uani akakifungua kile kitu kilichoviringishwa, kumbe ni turubai. Mpaka leo naliona. Lilikuwa limechorwa kwa rangi, kubwa kama ukuta wa nyumba, nalo lilikuwa kuukuu. Alilinunua kwa Mzungu mmoja mpiga picha aliyekuwa akifunga duka lake, na huyo naye alilirithi kwa mwingine. Ilikuwa bustani ya mji mkubwa wa Ulaya katika majira ya baridi, mji wa zama za magari ya farasi. Ardhi nyeupe tupu. Miti mikubwa bila jani hata moja. Benchi la chuma, nguzo ya taa, daraja dogo la mawe, na nyuma yake ziwa ambalo watu walisimama juu yake, wanaume wenye kofia ndefu na wanawake wenye magauni yanayofagia chini, mikono wameificha ndani ya manyoya. Farasi mmoja alikuwa anatoa mvuke puani. Omari hakujua ni mji gani. Aliweka kiti chetu cha mbao mbele ya lile benchi lililochorwa, hivi kwamba ukikaa unaonekana kama umepumzika katika bustani ile, na mimi akaniomba nimshonee sehemu iliyochanika, karibu na nguzo ya taa, urefu wa kiganja. Niliishona kwa sindano ya gunia na uzi mweupe. Alisema imechanika siku nyingi, Mombasa, ila hakupata mtu wa mkono mzuri.

Watu walikuja kulitazama kabla hawajaja kupigwa picha. Wapokomo wenzangu waliotoka mashambani walisema ile nyeupe ni pamba, na wakashangaa nani aliyeimwaga. Mwingine akasema ni chumvi. Lakini anayenijia akilini mara kwa mara ni Mzee Wario, Muorma aliyekuwa amekwama upande wetu na ng'ombe wake kwa sababu ya maji. Alisimama mbele ya turubai lile amejiegemeza kwenye fimbo, akalikagua kama anavyokagua malisho.

"Hii nchi imekufa," akasema. "Mti hapana majani. Chini hapana majani. Huyu farasi nakula nini?"

"Ni baridi, mzee," Omari akamjibu. "Hapo maji yameganda. Hao watu wasimama juu ya maji."

"Maji naganda namna gani?"

Omari akatafuta maneno. Nami nilikuwa mlangoni mwa jiko, nikajikuta nasema, "Kama samli asubuhi ya mwezi wa saba, mzee. Inakuwa ngumu mpaka kijiko hakiingii."

Wario akafikiri. "Ziwa lote?"

"Ziwa lote."

"Basi hawa nakanyaga samli," akasema, akacheka mpaka akakohoa, na baadaye akakubali kukaa kwenye kiti, lakini kwa sharti Omari ageuze kamera ili farasi asionekane, kwa maana hakutaka kupigwa picha na mnyama mwenye njaa asiye na mtu wa kumwonea huruma.

Wiki mbili za Omari zikawa mwezi, na mwezi ukawa miezi. Mto ulipanda usiku na mchana. Ulichukua migomba, ukachukua mahindi yaliyokuwa karibu kukomaa, ukaingia vijijini, na watu wa Kulesa na Kilelengwani wakawa wanakuja kwa mitumbwi wakiwa na kuku na vyungu vyao, wakipiga kambi popote palipoinuka. Barabara ya Malindi ikapotea kabisa. Hoteli yetu ilibaki kavu kwa sababu ilikuwa juu kidogo, nasi tukapika kuanzia alfajiri hadi jua linapozama, wali kidogo na kambare wengi, maana samaki walikuwa wanaogelea mpaka mashambani na mchele ulikuwa unakwisha. Wake wa Kiorma walipoweza kuvuka walituletea maziwa. Nilipomaliza vyungu nilichuja maji ya Omari. Tana ni tope, na picha haipendi tope. Niliyatuliza maji kwenye mtungi, nikayapitisha kwenye kitambaa mara tatu, ndipo akayatumia kusafishia picha zake. Alizianika kwenye kamba uani kama nguo. Nikipita na ndoo niliwaona watu ninaowajua, waliopoteza mashamba yao yote wiki ile, wamekaa wima na nguo za kanisani ndani ya bustani nyeupe, nyuma yao Wazungu wa kale wakiteleza kwa furaha. Hakuna aliyecheka kwenye picha. Nilimuuliza Omari kwa nini mtu aliyefilisiwa na maji atake picha. Akasema, "Ndiyo hasa huyo atakaye. Mtu aliyeshiba hana haja ya kujiona."

Alikuwa mgeni mwema. Tulimcheka kwa namna anavyosema "yeo" badala ya leo, "mato" badala ya macho, "kuyua" badala ya kujua na "ndoo" badala ya njoo, naye alituacha tucheke. Mama alimpenda sana, na hilo lilinishangaza, kwa sababu Mama hakuwa mtu wa kupenda wageni. Alimbakizia kichwa cha kambare. Mchana, wateja wakiondoka, alikwenda kukaa naye kwenye benchi la chumba cha mbele, na mimi nikija walianza kuongea habari za mto. Nilidhani wanapatana tu, watu wawili wazima. Nilidhani pia, siwezi kuficha, kwamba Mama ameanza kunichoka, kwa vile miezi saba ya ndoa haikuniachia mimba na wanawake kanisani walikuwa wameacha kuniuliza.

Baada ya maji kuanza kutulia mbu walikuja, na homa ikaja. Ilinishika siku ya soko. Nilitetemeka kwenye kitanda cha kamba nimejifunika kanga tatu na gunia, na sikucheka tena habari za maji kuganda. Mama alinipa kwinini na uji wa mchele, akanifuta uso, akanikalia karibu siku mbili bila kwenda kanisani. Nasema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu lililofuata nalo ni kweli. Siku ya tatu, saa nane za mchana, homa iliniachia. Nililala macho nimefumba, mwepesi kama ganda, nikisikiliza kuku. Ndipo sauti ya Mama ikapita juu ya ukuta.

"Niambie tena. Ana meno?"

"Mama, nimekwambia mara ngapi?" Omari akasema, lakini kwa upole. "Nilipompiga picha alikuwa na miezi sita. Mawili ya chini. Sasa atakuwa asimama."

"Na anafanana na Ezra?"

"Paji la uso. Mato ni ya mamake."

"Huyo mama yake ni mtu wa namna gani?"

"Mgiriama. Mpole. Hana maneno mengi." Akashusha sauti, akasema, "Lakini mimi sikupenda, Mama. Nilipoleta ile bahasha nilidhani mkewe huyu ayua. Ningeyua hayui nisingekaa nyumba moja naye nikila chakula cha mkono wake."

"Usimwambie."

"Simwambii. Lakini si haki."

"Najua si haki," Mama akasema. "Akijua atakwenda kwao. Akienda nitabaki na nani? Tazama hii nyumba. Mimi siwezi kuinua hata sufuria ya wali." Halafu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana, akasema, "Wampe mjukuu wangu uji mwepesi. Ezra alikuwa akikabwa na uji mzito."

Sikulia. Watu wakinisikiliza nikisimulia hapa hungoja nilie. Nilibaki nimefumba macho, nikahisi jasho likipoa mwilini, na kitu pekee nilichofikiria kwa muda mrefu ni uji, kwamba nimempikia Ezra uji miezi saba na hakuna aliyeniambia kwamba mzito humkaba.

Siku nne nilikaa kimya nikipata nguvu. Siku ya tano, Mama alipokwenda kivukoni kununua samaki, nilifungua sanduku lake. Sikuwahi kuligusa hata siku moja. Bahasha ilikuwa ndani ya gauni lake jeupe la kushiriki meza ya Bwana kanisani, limekunjwa mara nne. Nikaitoa picha iliyokuwamo. Ezra alikuwa amesimama, mkono begani mwa mwanamke aliyekaa, na mwanamke amempakata mtoto aliyevikwa kofia ya sufu katika joto la Mombasa. Nyuma yao ilikuwa bustani nyeupe, miti mikavu, farasi. Karibu na nguzo ya taa turubai lilikuwa limechanika urefu wa kiganja. Nililitazama pengo lile kuliko nilivyowatazama wao. Nilikuwa nimelishona kwa mkono wangu, uzi mweupe, tena kwa makini ili mshono usionekane. Kisha nikaona shati. Lilikuwa shati nililomshonea mimi mwenyewe kabla hajaondoka, la pamba, kola imepinda upande wa kushoto kwa sababu nilikuwa bado najifunza. Alilivaa siku yake ya picha. Labda ndilo lililokuwa zuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na sijajua kama lilikuwa tusi au lilikuwa shukrani, au kama mwanamume akivaa shati huwa anafikiri chochote.

Niliirudisha ilivyokuwa. Mama aliporudi tulikaa uani kupepeta mchele, kila mtu na ungo wake, kama kawaida. Nikasema, "Mama, yule mtoto anaitwa nani?"

Ungo wake haukusimama. Ulipanda ukashuka, makapi yakaruka. "Dorika," akasema.

"Jina lako."

"Jina langu." Akapepeta mara mbili tatu. "Umeiona."

"Nimeiona. Na niliwasikia."

Hapo akauweka ungo chini. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, na siku hiyo nilimwona amenywea, mabega yameteremka. "Nilitaka kukwambia," akasema. "Kila siku nikiamka nilisema leo. Halafu nakuona umeshawasha moto, umeshachota maji, nasema kesho."

"Uliogopa nitaondoka."

"Niliogopa utaondoka. Na niliogopa utabaki, uwe unanitazama kama unavyonitazama sasa."

"Ninakutazamaje?"

"Kama mtu aliyechoka," akasema. "Afadhali ungenitukana."

Sikuwa na tusi. Nilitaka kumwuliza kama alifurahi siku ile ya bahasha, kama alipoona mtoto wa mwanawe alinifikiria hata kidogo, lakini nilijua jibu na sikuona faida ya kulisikia likitamkwa. Nikamwambia, "Mpe Omari picha aitie kwenye fremu, Mama. Itaoza humo na huu unyevu." Akaanza kulia, kwa kwikwi, mikono imejaa pumba. Mimi nikaendelea kupepeta wa kwangu, kisha nikachukua ungo wake nikapepeta na wake, kwa kuwa wateja wangekuja jioni na mchele ulikuwa bado.

Omari alipojua kwamba nimejua, hakula siku nzima. Alikuja jikoni, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Mwanangu," akasema, "mimi hupiga watu picha. Siwaulizi wana nani nyumbani."

"Sikulaumu, bwana Omari."

"Ndoo nikupige picha yako. Hadiya, sitaki pesa. Umpelekee Ezra."

Nilitazama kile kiti mbele ya benchi lililochorwa. "Sikai pale," nikasema. Hakunishawishi. Nimezeeka sina picha yangu ya ujana hata moja, na wajukuu wa ndugu zangu wakiniuliza nilifananaje, nawaambia nilifanana na mtu mwenye kazi nyingi.

Maji yalipungua polepole, yakaacha tope jeusi zuri, na watu wakarudi mashambani kupanda mpunga wakiwa na matumaini ambayo mimi sikuyaelewa. Lori la kwanza likafika, limejaa tope mpaka kwenye kioo. Omari akaviringisha bustani yake. Mama naye, bila kuniambia mapema, akafunga kitambaa chenye nguo zake. Aliniambia kumekwisha kucha, chai ikiwa mezani. "Nakwenda kumwona mtoto. Nimwone tu. Nitarudi kabla ya mavuno." Nikamwuliza atafikia wapi. Akasema Omari atampeleka mpaka mlangoni kwa Ezra. Akakaza fundo la kitambaa chake, akasema, "Twende wote. Wewe ndiye mke wa kwanza. Una haki ya kuingia mle."

"Niingie nifanye nini, Mama?"

Nilimtilia kapuni mchele, samaki wakavu, na chupa ya samli niliyopewa na Mzee Wario. Nikaweka pia kigauni cha mtoto nilichokishona siku mbili zilizotangulia kwa masalio ya kitambaa. Nilikuwa nimeona alivyolitazama sanduku lake nikajua atakwenda hata kabla hajasema. Sikukishona kwa wema, nisije nikasifiwa. Nilikishona kwa sababu kitambaa kilikuwepo, na kwa sababu mtoto hakunikosea. Mama alikishika, akakigeuza, akaangalia kola. Ilikuwa imenyooka. Wanaume wawili walimsukuma juu ya lori, akaketi juu ya magunia, na lori likaondoka. Hakugeuka kunipungia, alikuwa amelishikilia kapu lake kwa mikono yote miwili.

Mavuno yakaja. Mama hakuja. Nilipika peke yangu, niliinua sufuria ya wali peke yangu, na nilijifunza kusema bei kwa sauti kavu ili madereva wasizungumze sana. Barua ikafika mkononi mwa dereva mmoja, mwandiko wa Ezra, safari hii imeandikwa jina langu. Niliisomea jikoni nimesimama. Alisema Mama hana nguvu ya safari na mtoto amemzoea, kwa hiyo atabaki. Alisema anajua amenikosea, maneno hayo mawili tu, na kwamba kama nataka kumngoja nimngoje, na kama nataka kurudi kwetu hatanizuia. Hakusema lolote kuhusu nyumba. Nilisoma mpaka niliponusa wali unaungua chini. Nikaitia barua kwenye mfuko wa gauni, nikauhamishia wali kwenye sufuria nyingine, nikaacha ukoko. Wateja walilalamika kidogo, wakala.

Kaka yangu mkubwa alikuja kunichukua kutoka Kulesa kwa mtumbwi. Habari zilikuwa zimemfikia, sijui kwa nani, huku kwetu habari hazihitaji kutumwa. Alikuwa mtu wa heri na aliona haya kwa niaba yangu. Nilimpa chakula, akala, akanawa. "Kusanya vitu vyako," akasema. "Mtu akikuona hapa atasema nini? Mume huna, mavyaa huna. Unakaa nyumba ya nani?"

"Kuna watu watakuja kula, kaka."

"Waache waje wakute mlango umefungwa."

"Wametoka mbali."

Akanitazama kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ya jirani. "Nani amekupa ruhusa ya kubaki?"

Nilikuwa nimeinama nasugua sufuria kwa mchanga. Nilitaka kumpa sababu nzuri, mtu anastahili sababu akikupigia kasia kutoka Kulesa, lakini kila niliyoitafuta ilikuwa ndefu na mimi sikuwa na pumzi. "Nimechoka kuomba ruhusa," nikamwambia. Alikaa kwenye benchi mpaka kivuli cha nyumba kikafika mtoni. Aliona nikichota maji, nikikata vitunguu, nikipika wali, nikipanga sahani. Alipoondoka aliniachia ndizi mkungu mzima alizokuwa amezileta ili nile njiani, nami nikasimama ukingoni nikiutazama mtumbwi wake mpaka ulipopita kona ya mto.

Niliporudi, lori lilikuwa limesimama mbele ya nyumba. Dereva alikuwa mgeni, sikuwahi kumwona, na nyuma yake walikuwepo abiria sita au saba wenye vumbi kichwani. Alichungulia ndani, akaona mabenchi matupu, akaniona mimi na miguu yangu yenye tope.

"Nimeambiwa nimwulizie Mama Dorika," akasema.

"Amehama."

"Basi hapa mwenyewe nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilinawa mikono kwanza, nikaifuta kwenye kanga.

"Ni mimi," nikasema. "Waambie wakae. Wali uko tayari."